Grupu la wenye vyombo: namna ya kulifanya lijue nani yuko baharini

Kila baada ya wiki mbili tatu napigiwa simu na mtu wa Msimbati, Sudi, Kitunda au Somanga, na swali ni lile lile: "Tulifungua grupu la WhatsApp la wenye boti, mwanzoni lilichangamka, sasa limekufa. Tufanyeje?" Mwingine anasema la kwao halijafa, ila limejaa kelele. Picha za maua na "asubuhi njema" tangu alfajiri, na humo humo mtu kauliza nani ana propela ya mashine ya nguvu za farasi 15 hakuna aliyemjibu. Nimechoka kurudia kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Nianze na aibu yetu wenyewe. Grupu letu la Mikindani lilikuwa na watu zaidi ya mia na hamsini. Usiku mmoja wa kusi, kama saa mbili na nusu, mke wa nahodha mmoja aliandika: "Jamani baba watoto hajarudi, kuna aliyemwona?" Chini yake ikaingia dua, tangazo la kiwanja na video ya goli. Wengi wetu tuliusoma ujumbe wake baada ya sala ya alfajiri. Kumbe chombo kilikuwa kimepwelewa kwenye kichanga, watu wazima wote, wakarudi wenyewe maji yalipojaa. Yule mama hakutulaumu. Alijitoa tu kwenye grupu.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja. Kazi ya kwanza ya grupu la wenye vyombo ni kujua nani katoka, yuko upande gani na alisema atarudi saa ngapi. Bei ya samaki, fundi wa faiba, vipuri na michango vitafuata vyenyewe, kwa sababu watu watakuwa na sababu ya kulifungua.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Admini watatu. Angalau mmoja awe hashuki baharini kabisa: muuza vipuri, fundi, mama anayenunua samaki pale dikoni (mahali vyombo vinaposhusha samaki). Admini wote wakiwa manahodha, siku samaki wameitika grupu halina mtu.
- Daftari la karatasi lenye jalada gumu. Usicheke. Simu huibiwa, huanguka majini, huishiwa chaji.
- Kitochi (simu ndogo ya batani) kimoja cha grupu, chenye laini yake. Betri yake inakaa siku kadhaa na mlio wake unaamsha wafu.
- Namba za simu za BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) ya kila diko mlilo nalo, Polisi Wanamaji, ofisi iliyo karibu ya TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo majini), na zahanati. Usizichukue kwenye picha uliyotumiwa na mtu. Nenda ofisini, ziandike, kisha zipige ukiwa pale pale usikie zinaita.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka huu kwa bandari yenu.
- Baraka ya wazee wa diko na viongozi wa BMU. Ukianzisha bila kuwaambia, wataona unawaundia serikali pembeni.

Hatua ya 1: Tenganisha kazi na soga

Usifute grupu la zamani, wala usianze kwa kufukuza watu. Fungua la pili, lipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Vyombo Mikindani – Kutoka na Kurudi". La zamani libaki la salamu, mpira na misiba. Jipya liwe la mambo manne tu: kutoka, kurudi, dharura na hali ya bahari.

Ingiza humo wenye vyombo, manahodha wao na watu wa nchi kavu watakaokuwa wanashika zamu. Mtu asiye na chombo wala zamu hana haja ya kuwemo, hata akiwa shemeji yako.

Kosa la kawaida hapa ni kufunga grupu ili admini peke yao waandike. Kweli kelele zinaisha, lakini mwenye shida kama ya yule mama wa saa mbili na nusu naye angekuwa amefungiwa mlango. Liache wazi, ila kila anayeposti nje ya yale manne ujumbe wake ufutwe na admini kimya kimya, bila kumsema mbele za watu. Mtu mzima ukimgombeza hadharani mbele ya mabaharia wake, umempoteza yeye na boti zake tatu.

Hatua ya 2: Andika daftari la vyombo

Pita dikoni kwa miguu, chombo kwa chombo. Usitume fomu kwenye simu, hawatajaza. Kwa kila chombo andika:

- jina na aina yake (boti ya faiba, mashua, dau, ngalawa, mtumbwi) na rangi ya ubavuni;
- namba ya usajili kama ipo;
- tajiri (mwenye chombo) ni nani, nahodha ni nani, na namba za simu za wote wawili;
- namba ya mtu wa nyumbani kwa nahodha;
- nguvu ya mashine na namba yake;
- jaketi okozi ngapi ziko ndani ya chombo, siyo ngapi ziko stoo kwa tajiri.

Namba ya mashine iko kwenye kibati kilichobandikwa kwenye ile mikono ya chuma inayobana ubao wa nyuma. Chumvi huila, kwa hiyo ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, piga picha kwa karibu, na piga nyingine ya mashine nzima. Siku mashine imeibiwa usiku, picha hizo mbili ndizo utakazopeleka polisi. Bila namba, mashine yako na ya jirani ni kitu kimoja.

Angalizo: picha za vitambulisho usiziweke kwenye grupu, na namba ya mtu wa nyumbani uiombe kwa ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mke wa mtu hapendi namba yake izagae kwa watu mia. Hizo zibaki kwenye daftari la karatasi kwa mtu wa zamu.

Hatua ya 3: Wazoesheni ujumbe wa kutoka

Hapa ndipo penye kazi. Ujumbe uwe mfupi kiasi cha kuandikwa na mtu aliyesimama kwenye maji ya magoti ameshika kamba. Sisi tunatumia huu:

*NATOKA. Tawakal. Watu 4. Upande wa Msimbati. Kurudi leo saa 11 jioni. Chaji imejaa.*

Na akirudi:

*NIMERUDI. Tawakal. Watu 4.*

Idadi ya watu irudiwe wakati wa kurudi. Asiyeweza kuandika atume sauti, asiye na bando apige kitochi cha zamu na mtu wa zamu ataandika kwa niaba yake. Wenye mitumbwi ya kasia nao watoe taarifa. Hao ndio tunaowasahau, na ndio wanaochukuliwa na upepo.

Sasa, utakutana na upinzani wa aina mbili, na zote mbili zina haki yake.

Wa kwanza ni siri ya mwamba. Hakuna nahodha atakayewaambia washindani wake mia kwamba leo anakwenda kwenye mwamba alioonyeshwa na babu yake. Usimlazimishe, atakudanganya, na uongo ni mbaya kuliko kunyamaza kwa sababu siku ya kumtafuta mtakwenda kaskazini naye yuko kusini. Kwenye grupu ataje upande tu. Mahali penyewe amwachie mtu mmoja anayemwamini nchi kavu, awe mkewe, kaka yake au mtu wa zamu, kwa sharti la kutolewa pale tu chombo kinapochelewa.

Wa pili ni wazee wasiopenda kutangaza safari, kwa kuogopa husda. Sibishani nao. Mzee ampigie mtu wa zamu faragha, mtu wa zamu aandike kwenye daftari, basi. Tuna wazee wawili wa namna hiyo na hawajawahi kukosa kupiga, tofauti na vijana wenye simu kubwa.

Hatua ya 4: Kubalianeni saa ni saa gani

Utaona hatua hii ni ya kitoto. Ndiyo iliyotutesa kuliko zote.

Jedwali la maji linaandika 16:10, na maana yake ni saa kumi na dakika kumi jioni. Kijana anasoma 04:10 anaandika "maji yanajaa saa 4", mwenzake anaelewa saa nne asubuhi, wakati maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, yanakaribia kupwa kabisa. Anafika na chombo kizito, anakaa juu ya mchanga mpaka alasiri. Kwa hiyo kanuni: saa zote ziandikwe za Kiswahili, na kila saa ifuatwe na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mwenye zamu ndiye anayegeuza saa za jedwali, mtu mwingine asiposti.

Mtego wa pili: baadhi ya majedwali ya intaneti hutoa saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ukiona jedwali jipya lilinganishe kwanza na maji yenyewe. Nenda ufukweni. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Jedwali linalopishana na hapo kwa saa tatu hivi, lina tatizo la saa.

Mtego wa tatu ni wa walio kusini kabisa. Ukipita Msimbati kuelekea mdomo wa Ruvuma, simu inaweza kudaka mnara wa Msumbiji. Wenzetu kule wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyowekwa kujipangia saa inarudi nyuma nayo. Nahodha anatazama skrini, anaona 16:00, anajiambia bado saa kumi, kumbe huku mtu wa zamu tayari ana saa kumi na moja na ameanza kupiga simu. Zima kujipangia saa kwenye simu zote zinazokwenda huko, na zima rominge pia kama hutaki vocha iyeyuke.

Hatua ya 5: Panga zamu, na panga lini mtu aanze kuhangaika

Mtu wa zamu ni mmoja kwa siku. Saa kumi na mbili jioni anasoma daftari: nani katoka, nani karudi. Waliosalia anawataja kwenye grupu kwa majina ya vyombo. Baada ya hapo anafuata ngazi hii bila kutumia hisia:

1. Saa ya kurudi imepita kwa nusu saa: piga simu ya chombo. Haipatikani, tuma SMS ya kawaida. Mara nyingi SMS hupenya mahali ambapo WhatsApp imekwama.
2. Imepita saa moja: piga kwa mtu wa nyumbani, kisha kwa manahodha waliokuwa upande ule ule. Waulize walimwona saa ngapi mara ya mwisho.
3. Imepita saa mbili, au giza linaingia, au hali ya bahari imeharibika: fungua siri ya mahali, arifu BMU, Polisi Wanamaji na TASAC. Usingoje asubuhi.
4. Vyombo vinavyotoka kutafuta navyo viandike NATOKA. Viende viwiliwili. Nimeona boti ya kutafuta ikigeuka ya kutafutwa.

Mwenye redio ya VHF asikilize chaneli 16, ndiyo ya dharura duniani kote.

Kwa ngazi ya tatu kuna watu watasema unakuza mambo. Waache waseme. Ila gharama ya mafuta ya kutafuta ijulikane mapema inatoka wapi, la sivyo siku hiyo kila tajiri atamwangalia mwenzake.

Hatua ya 6: Wafundishe kutuma mahali walipo

Fanyeni mazoezi mkiwa nchi kavu, kivulini. WhatsApp inatuma mahali ulipo kwa mguso mara mbili tatu, na mtu anaweza kuacha mahali pake paonekane moja kwa moja kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Saa 8 zinakula chaji, zitumike kwa dharura.

Muhimu zaidi ni kusoma namba. GPS ya simu haihitaji bando, inahitaji anga tu. Programu ya ramani au ya dira itaonyesha kitu kama -10.1234, 40.3071. Hizo namba mbili zikitumwa kwa SMS au kusomwa kwa sauti kupitia kitochi, zinatosha. Zitajwe mpaka tarakimu nne baada ya nukta, hapo mnakosea mita kumi na kitu tu. Mkiishia tarakimu mbili, kosa linaweza kufika nusu kilomita na zaidi, na usiku huo ni umbali wa kumpita mtu akiita.

Simu iende baharini ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa kila mmoja kwa fundo lake, na ndani ya ndoo yenye mfuniko. Siyo mfukoni mwa kaptula.

Hatua ya 7: Hali ya hewa iingie kwa mlango mmoja

Mtu mmoja ndiye anayeposti taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), na aziposti nzima, zikiwa na tarehe, siyo kipande cha picha. Picha ya upepo mkali wa mwaka juzi huwa inafufuka kila kusi. Waelezeni wanachama ngazi tatu: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kubalianeni kabla ya msimu kila rangi maana yake nini kwenu. Sisi njano ngalawa na mitumbwi haitoki nje ya ghuba, chungwa hakuna anayetoka, nyekundu vyombo vinapandishwa juu na mashine zinafunguliwa kwenda nyumbani.

Msije mkasema vimbunga ni vya Msumbiji. Aprili 2019 Kenneth alipiga upande wa pili wa Ruvuma, na Mtwara watu waliambiwa wahame maeneo ya chini. Mei 2024 Hidaya alikuja kwetu wenyewe, mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam.

Hatua ya 8: Michango

Kwa ufupi: isiingie kwenye simu ya mtu binafsi. Tumieni akaunti ya kikundi ya benki au ya mtandao wa simu, ambayo kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mmoja. Salio lipostiwe kila mwisho wa mwezi hata kama ni shilingi elfu nane. Na yeyote akituma "nahodha wenu kapata ajali, tumeni laki mbili kwenye namba hii", apigiwe mtu wa nyumbani kwanza. Namba ya tapeli itumwe 15040.

Kikao cha ana kwa ana kifanyike wakati wa mbalamwezi, vyombo vya dagaa vikiwa vimepumzika. Ukikiweka siku za giza utakuja wewe na mwenyekiti.

Yakikwama

*Watu wanaandika NATOKA lakini wanasahau NIMERUDI.* Hili litatokea, lisikutishe. Mtu wa zamu akipiga simu mara tatu kwa mtu aliyekwisha kula na kulala, huyo mtu atalipa vocha ya zamu ya wiki. Kwetu ilipungua baada ya tajiri mmoja mkubwa kulipa hadharani, tena akicheka.

*Simu zinajaa, zinagoma kupokea.* Zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe kwenye mipangilio. Mfanyieni kila mzee kwa mkono pale kikaoni, usimwelekeze kwa sauti.

*Ujumbe muhimu unapotea juu.* Bandika jedwali la maji la wiki na jina la mtu wa zamu juu ya grupu. WhatsApp inaruhusu kubandika ujumbe hadi siku 30.

*Tajiri anatumia daftari kuwabana mabaharia.* "Umeandika umerudi saa tisa, samaki mbona wachache?" Hili linaua kila kitu, kwa sababu kesho yake nahodha ataandika saa za uongo. Semeni mapema kwamba mgao na mahesabu hayajadiliwi kwa kutumia saa za daftari. Tajiri asiyekubali atolewe, nahodha wake abaki.

*Mabishano ya siasa yameingia.* Futa, mpigie aliyeposti pembeni, endelea. Akirudia, mrudishe kwenye grupu la soga. Usijibizane naye humo, na kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiachi kitu kwa sababu kimeandikwa grupuni.

*Mtu wa zamu amelala, kitochi kimeita hakusikia.* Usikiweke chini ya mto. Kiweke ndani ya bakuli la bati, juu ya meza, kikiwa kwenye mlio na mtetemo. Kikiita, nyumba nzima inaamka, na mmoja wao atapokea.